Santuri za Kitale na Bungoma: Tusome Kikaratasi Kabla Hazijaondoka

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Ilipokuja kanda, santuri ilipandishwa darini. Ilipokuja sidii, kanda nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Na siku hizi wimbo hukaa ndani ya simu, hauna uzito wala vumbi. Anayetaka kuiona santuri leo katika miji ya Kitale na Bungoma hana budi kuinama. Atazitafuta chini ya meza za mafundi wa redio, nyuma ya maduka ambayo zamani yalikuwa ya muziki na sasa huuza betri na simu, au katika masanduku ya wazee waliostaafu ambao hawana tena gramafoni ya kuzichezea.

Wapo wanaoinama. Baadhi yao hutoka miji ya mbali, na wengine nchi za ng'ambo, wakizisaka santuri adimu: za benga, za rumba, na hasa zile za souli, muziki wa Wamarekani weusi ulioitikisa dunia katika miaka ya 1960 na 1970. Hununua, hufunga mzigo, huenda zao. Sina nia ya kuwalaumu. Nataka tuulizane, hasa sisi tulio karibu na shule, kwamba santuri inapoondoka mjini huondoka na nini, na ni kipi kati ya hivyo tungeweza kubaki nacho bila ya kumzuia mtu yeyote kufanya biashara yake.

Kwanza tukumbuke jinsi zilivyofika. Kitale na Bungoma hazikuwa na viwanda vya kuchapisha santuri; kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Lakini miji hii ilikuwa na njia, na ilikuwa na watu wenye masikio tofauti. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926, nayo reli kuu ya kwenda Uganda ilipita Webuye na Bungoma kuelekea Malaba. Njia iliyochukua mahindi ya Trans Nzoia ndiyo iliyorudisha bidhaa za madukani. Baadaye kikaja kiwanda cha karatasi cha Webuye, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975, na pamoja navyo mishahara ya mwisho wa mwezi. Kijana mwenye mshahara alitaka viatu, baiskeli, na muziki.

Muuza santuri wa mji kama Kitale hakuweza kuuza lugha moja tu. Mlangoni pake walipita Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Wakikuyu, Waluo na Waturkana, waliofika kulima, kufanya kazi au kufanya biashara. Mjini Kericho, duka la Chandarana liliuza santuri na kuzitoa kwa jina lake, likiwarekodi waimbaji wa sehemu za magharibi. Upande wa Ziwa, Oluoch Kanindo alitoa santuri za benga zilizosafiri hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki huo kwa jina lake. Kutoka nchi ya Waluhya wenyewe palitoka omutibo, lile gitaa kavu linalosindikizwa na chupa ya soda inayogongwa kama kengele, ambalo George Mukabi alilipigia mfano hata baada ya kifo chake mwaka 1963. Daudi Kabaka naye akawachezesha watu twisti ya Kiswahili. Katikati ya mchanganyiko huo ndipo santuri za souli zilipopata nafasi, nyingine zikiwa zimeletwa kutoka ng'ambo na nyingine zikiwa zimechapishwa upya Nairobi kwa leseni.

Hapa najua mwalimu mmoja atanikatiza. Atasema: tuhifadhi nyimbo za litungu, tuhifadhi omutibo, hayo ni yetu, lakini kwa nini tujishughulishe na mayowe ya Memphis na Detroit? Swali lake si geni. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya, na agizo hilo halikudumu. Mvutano kati ya kilicho chetu na kilichotujia umekuwa nasi tangu zamani, na haukuwahi kumalizwa kwa amri.

Nitamjibu mwalimu huyo kwa mifano. Souli ilizaliwa makanisani na katika nyimbo za huzuni za watu weusi wa Marekani. Kampuni ya Motown ilianza Detroit mwaka 1959. Stax ikajenga jina lake Memphis, na mmoja wa waimbaji wake wakuu, Otis Redding, akafa katika ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka 1974 James Brown aliimba Kinshasa, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Vijana wa Afrika Mashariki hawakusikiliza hayo wakiwa wamekunja mikono. Slim Ali wa Mombasa na kundi lake la Hodi Boys waliimba souli ya kwao. Kundi la Matata lilivuka hadi London na kurekodi huko kwa kampuni ya President. Ishmael Jingo alitoa wimbo wa "Fever", ambao leo ni miongoni mwa rekodi za Kenya zinazosakwa sana na wakusanyaji wa ng'ambo. Kwa hiyo anayechambua rundo la santuri mjini Bungoma huona historia yenye mikono miwili: mmoja unapokea, mwingine unatoa. Ukiukata mkono mmoja kwa sababu haukuzaliwa hapa, hutaelewa mwingine ulijifunza wapi.

Sasa tuje kwenye bei, maana ndiyo inayowaleta wasakaji. Uadimu wa santuri hautokani na uzuri wa wimbo peke yake. Mara nyingi hutokana na ajali: wimbo ulichapishwa kidogo, haukuuzwa, na nakala zilizobaki zikatupwa. Mwaka 1965 kampuni ya Motown ilichapisha wimbo wa Frank Wilson uitwao "Do I Love You", kisha ikaharibu karibu nakala zote kabla hazijauzwa. Mwaka 2009 nakala moja iliyosalimika iliuzwa Uingereza kwa pauni 25,742. Walioipandisha bei hiyo si mabwenyenye wa majumba ya sanaa. Walikuwa warithi wa vijana wa miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, ambao katika miaka ya 1970 walikesha wakicheza souli ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeisahau. Ukumbi wao mashuhuri, Wigan Casino, ulikesha hivyo kuanzia mwaka 1973 hadi 1981.

Wachezesha santuri wa kumbi hizo walikuwa na hila moja inayofaa kutufunza. Aliyepata santuri ambayo wenzake hawakuwa nayo alibandika karatasi juu ya kile kikaratasi cha katikati, akaupa wimbo jina la uongo, ili mshindani asijue atafute nini. Santuri ilizunguka mbele ya macho ya watu wote, lakini siri yake ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha karatasi. Walijua kwamba sauti bila maelezo haifuatiki.

Huko Uingereza kikaratasi kilifunikwa kwa makusudi. Kwetu hufunikwa na uzembe. Chukua santuri yoyote ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika na uisome kabla hujaisikiliza. Utaona jina la kampuni, nambari ya toleo, jina la wimbo na jina la bendi. Chini ya jina la wimbo, mara nyingi katika mabano, utaona jina la mtunzi. Pengine utaelezwa lugha ya wimbo au mtindo wake, na mahali ilipochapishwa. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona pia nambari zilizochongwa katika sehemu laini iliyozunguka kikaratasi, ambazo zilitiwa kiwandani na hutofautisha toleo moja na jingine. Kwa nyimbo nyingi zilizotolewa wakati ule, hicho ndicho cheti pekee cha kuzaliwa kilichobaki. Studio zilifungwa, kampuni zikauzwa, vitabu vya hesabu vikapotea. Cheti kimebaki chini ya meza ya fundi wa redio.

Msomaji asidhani hili ni jambo la wapenda mambo ya kale tu. Ni jambo la haki na la mkate. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi ya mwaka 1970, kwa mfano, ulinzi wake ulikwisha pamoja na mwaka 2020. Lakini haki ya mtunzi ni nyingine: hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Daudi Kabaka alifariki mwaka 2001. Tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2051. Wimbo wake "Helule Helule" uliimbwa na kundi la Kiingereza la The Tremeloes na ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza mwaka 1968. Jina la mtunzi lilijulikana, na kwa hiyo hadi leo yeyote aweza kusema wimbo ule ulitoka wapi.

Linganisha na "Malaika". Wimbo huo umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, ukaimbwa na Boney M, ukaimbwa katika harusi na hoteli zisizohesabika. Fadhili William aliurekodi na akatambuliwa kuwa mwenye wimbo, lakini wengine wamedai kwamba wao ndio waliotangulia kuutunga, na mabishano hayo hayajawahi kwisha. Ikiwa wimbo mashuhuri kuliko zote za Afrika Mashariki umeandamwa na mzozo wa aina hiyo, yatakuwaje mambo ya mtunzi wa Kimilili au Chwele aliyerekodi pande mbili za santuri moja, akalipwa mara moja, akarudi shambani? Mtoto wake, ikiwa baba hakuiuza haki yake, anaweza kudai chochote iwapo wimbo utatolewa upya, lakini ni lazima kwanza ajue kwamba upo, na awe na pa kuonyesha jina la baba yake. Santuri ikiondoka bila kikaratasi chake kunakiliwa, dai hilo huondoka nayo.

Je, mnunuzi wa kigeni ni mwizi? Wapo wanaomwita hivyo. Mimi naona tunamtwika mzigo ambao sehemu yake ni yetu. Alinunua kitu tulichokuwa tumekiweka chini ya gunia, na alikilipia bei aliyoitaja muuzaji. Isitoshe, baadhi ya wasakaji wamefanya kazi ambayo tungepaswa kuitangulia. John Storm Roberts, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari nchini Kenya katika miaka ya 1960, alikusanya santuri za Afrika Mashariki na kuzitolea mikusanyo katika miaka ya 1980. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa "Kenya Special" mwaka 2013, mkusanyo wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 zilizokuwa zimesahauliwa kwenye santuri ndogo. Nyimbo za George Mukabi zimetolewa upya Marekani zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Wala hatukukaa bure kabisa: Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2011 kazi ya kufuatilia nyimbo za fanki na souli za Kenya, ikiwatafuta wanamuziki wenyewe na kuwasikiliza wakisimulia.

Tofauti baina ya msakaji mwema na mchuuzi tu iko hapo. Mwema huuliza: santuri hii ilikuwa ya nani, ilinunuliwa duka gani, nani alipiga gitaa, yu hai? Mchuuzi huangalia mikwaruzo na bei. Lakini hata mwema akija hukaa siku 2 au 3, hajui Kibukusu, na hatajua kwamba jina lililoandikwa kwa kalamu juu ya bahasha ni la mwalimu mkuu wa zamani anayeishi kilomita 4 kutoka pale alipo. Mwanafunzi wa Bungoma hujua, au huweza kujua kabla ya jua kutua.

Kitale, kuliko miji mingi, ina mfano wa kuigwa mbele ya macho yake. Makumbusho ya mji huo yalitokana na mazoea ya mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya utamaduni, aliyaanzisha yakiwa makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Baada ya kufa kwake mkusanyo huo uliwekwa katika jengo jipya lililofunguliwa mwaka 1974, na vizazi vya wanafunzi wa Trans Nzoia na Bungoma vimepelekwa kuutazama. Jijini Nairobi nako, mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, unahifadhiwa katika jengo la Nyaraka za Taifa. Hakuna aliyemcheka Stoneham kwa kuandika chini ya kila kipepeo mahali alipokamatwa na tarehe. Bila kibandiko hicho kipepeo ni pambo; pamoja nacho ni ushahidi. Santuri ni hivyo hivyo.

Basi nini kifanyike? Sipendekezi kamati, wala siombi fungu la fedha. Napendekeza daftari. Mwalimu wa Kiswahili, wa muziki au wa historia anaweza kuwagawa wanafunzi wake vikundi, kila kikundi kikabidhiwe mtaa mmoja. Mtaala wa umilisi hudai miradi inayomtoa mwanafunzi darasani. Huu hapa ni mradi. Katika daftari pawe na safu za mambo haya: kampuni, nambari ya toleo, wimbo wa upande wa kwanza na wa pili, bendi, mtunzi, lugha, mahali pa kuchapishwa, maandishi ya mkono yaliyo juu ya bahasha, na maelezo ya mwenye santuri. Kikaratasi kipigwe picha pande zote mbili kwa simu. Mwenye santuri aombwe ruhusa, na akikataa aheshimiwe. Akikubali, aulizwe alipoinunua, kwa nini aliinunua, na ilichezwa katika sherehe gani.

Maswali hayo ndiyo yatakayotuonyesha souli ilikuwa na maana gani hapa. Je, ilichezwa katika disko za shule? Ilichezwa katika baa za wafanyakazi wa kiwanda, siku ya mshahara? Waliocheza walielewa Kiingereza chake, au waliyatunga maneno yao? Majibu hayamo katika kitabu chochote ambacho mwanafunzi anaweza kukinakili. Atakuwa mwandishi wa kwanza, na hilo pekee ni funzo kubwa kwa mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba elimu hutoka kwingine.

Pawe pia na adabu ya kuishika santuri. Ishikwe kando, vidole visiguse michirizi. Isimamishwe kama kitabu kwenye rafu, isilazwe rundo, wala isiwekwe karibu na dirisha au chini ya mabati yasiyo na dari, kwani vinili hulainika na kupindika kwa joto. Vumbi litolewe kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, bila ya kukilowesha kikaratasi. Zile za kale zaidi, za mizunguko 78, zilitengenezwa kwa utomvu wa aina ya lakiri, nazo huvunjika kama kigae. Michirizi yake ni mipana, hivyo zisichezwe kwa sindano iliyokusudiwa za mizunguko 45. Sindano kuukuu ya chombo kilichookotwa huweza kuukwangua wimbo uliobaki nakala moja duniani. Afadhali santuri ikae kimya mwaka mmoja ikingoja chombo kizuri.

Daftari likijaa, nakala moja ibaki shuleni, ya pili ipelekwe maktaba ya umma, na ya tatu makumbusho ya Kitale. Hapo mnunuzi akija, atoke ng'ambo au Nairobi, anunue kwa amani. Muuzaji naye atajua anachouza. Ataweza kudai bei inayostahili kwa sababu ameona nambari na jina, na hataitoa santuri adimu kwa bei ya chai. Na mjukuu wa mtunzi akitokea miaka 20 baadaye, patakuwa na mahali pa kumwelekeza.

Mtupa jongoo hutupa na mti wake; nasi tulipozitupa santuri tulitupa na majina ya waliozitunga. Santuri zenyewe pengine hatutaweza kuzizuia zote, wala si lazima. Majina tunaweza kuyaokota. Likizo ijayo, shule moja ya Kitale na moja ya Bungoma zianze na duka moja moja, santuri 10 kila moja. Wanafunzi wakirudi muhula unaofuata na daftari zao, tutahesabu ni majina mangapi ambayo hakuna mtu darasani aliyewahi kuyasikia.